Jina Shingoni mwa Sufuria

"Hii si sufuria, dada. Hii ni mali," alisema fundi Kadar, akaigonga ubavuni kwa ukucha, ikalia. "Shaba ya unene huu siku hizi huioni. Ina miaka mingapi haijapikiwa?"

"Tangu niolewe sijaiona ikipanda mekoni," Kothai akajibu. "Miaka ishirini na sita."

Alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji, ncha ya sari ameibana puani kwa sababu ya moshi. Nyuma yake walikaa majirani wawili waliokuja na vyombo vyao kupakwa bati, wakibishana kuhusu bei ya vitunguu. Kadar hupita Mtaa wa Mfereji mara moja kwa mwaka, huchimba kishimo chake, huwasha mkaa, na kwa siku mbili mtaa mzima hukohoa. Safari hii Kothai alikuwa amemsubiri kwa hamu. Keshokutwa unatimia mwaka mmoja tangu afariki mama mkwe wake, Sivakami, na mumewe, Ilango, alikuwa ameapa mbele ya ndugu zake wote kwamba payasam ya siku hiyo, ule uji mtamu wa mchele, maziwa na sukari guru aliokuwa akiupenda marehemu, itapikwa ndani ya sufuria ya mama mwenyewe, aliyokuja nayo kutoka kwao alipoolewa.

"Alisema ina ufa hapo shingoni," Kothai akaongeza. "Ndiyo maana hakuipikia. Alikuwa akiwekea mchele tu."

Kadar akapitisha kidole gumba juu ya kiraka cha bati kilichokuwa shingoni, kipana kama kiganja, kimeshakuwa cheusi. Aliilaza sufuria kwenye makaa, akawa anavuta mvukuto kwa mkono mmoja na kuigeuza kwa koleo kwa mkono wa pili, taratibu, huku akiimba puani. Ilipopata moto sawasawa akanyunyiza unga wake mweupe ndani, moshi ukapanda, akasugua bati kwa tonge la pamba, na tumbo la sufuria likageuka jeupe kama maziwa. Kothai alifurahi kweli. Alimfikiria mama mkwe wake akiiona na kutabasamu, jambo ambalo katika uhai wake hakulifanya mara nyingi.

Kisha Kadar akaileta shingo kwenye moto. Kiraka kikatoka jasho, kikalegea, kikateleza, kikadondokea majivuni matone matone. Fundi akapangusa kwa kitambaa.

"Hapa hapana ufa," akasema. "Pana jina."

Akaisogeza karibu na macho. Yalikuwa maandishi ya kugongwa kwa ncha ya chuma, nukta baada ya nukta, kama yanavyogongwa kwenye vyombo vyote vya mtaa ule ili visipotee kwenye sherehe za watu.

"Rukmani. Su., herufi ya baba yake, Rukmani. Halafu mwaka. Ndiye marehemu?"

Kothai alisikia joto likimpanda kutoka miguuni, na halikuwa la mkaa. Majirani walikuwa bado kwenye vitunguu.

"Ndiye," akasema.

Marehemu aliitwa Sivakami. Mtaa mzima ulijua hivyo, na asiyejua angeweza kwenda hadi kona ya barabara akasome bango ambalo Ilango alikwenda kulichapisha mjini Kumbakonam, lenye picha ya mama yake kubwa kuliko mlango. Rukmani alikuwa bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa mzima wa afya, na keshokutwa angekuja kula.

"Nikung'arishie herufi, zisomeke vizuri?"

"Hapana. Zifute."

Kadar akamtazama, kisha akateremsha macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye mtu anayevaa. "Jina la kugongwa halifutiki, dada. Nikilipiga tupa, shingo itabaki nyembamba, na ipo siku itapasuka kweli. Kiraka naweza kukirudisha. Ila ukipika, kitatoka tena." Akachukua kitambaa akaanza kufuta majivu yasiyokuwepo. "Si wewe wa kwanza kuniomba. Wengine huniambia ni mikwaruzo."

Kothai akalipa, akaipakata sufuria kiunoni, upande wa jina ukiwa umeelekea mbavu zake. Shaba ilikuwa bado ya moto. Alitembea hadi kwake bila kuihamisha upande wa pili, ingawa ilimchoma.

*

Ilango alikuwa karani wa ofisi ya umwagiliaji, mtu wa mafaili na mihuri, na aliamini kwamba jambo ambalo halijaandikwa bado halijatokea. Alikula wali wake kwanza hadi katikati ndipo akakubali kugeuka kuitazama sufuria.

"Ni Rukmani mwingine," akasema.

"Baba Nila, huo mwaka uliogongwa ndio mwaka aliolewa Bibi Rukmani. Ametusimulia mara mia. Sufuria aliyopewa na mama yake, na mama yake akafa kabla ya mavuno."

"Labda mama aliinunua kwake."

"Halafu Bibi Rukmani akailia siku kumi na moja ilipopotea?"

"Labda walibadilishana."

"Halafu mama akaweka kiraka juu ya jina?"

Ilango akanawa mkono, ingawa wali ulikuwa haujaisha, akajifuta kwenye taulo la begani, akajifuta tena.

"Vyombo huchanganyika siku za harusi," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Harusi yetu ilikuwa na vyombo vya nyumba tisa. Shangazi zangu wa Trichy walibeba visivyo vyao wakaacha vyao. Labda mama aliikuta darini miezi mingi baadaye, nyuma ya magunia. Angefanya nini? Mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Angemwendea Rukmani na sura gani?"

Inawezekana ilikuwa hivyo. Kothai hakujua, na aliyejua alikuwa amekwisha kuchomwa kando ya mto na majivu yake kwenda na maji. Lakini alikumbuka mchele. Kila sikukuu ya mavuno Sivakami alikuwa akichota kibaba kimoja kutoka ndani ya sufuria ileile, akikifunga kwenye kitambaa, akimwambia mkwewe, "Mpelekee Anjalai. Maskini, hana mtu." Na mtaa ulikuwa ukisema, tazameni moyo wa yule mama, anamlisha mtu aliyeiba chini ya paa lake. Kothai ndiye aliyekuwa akiubeba mchele huo. Mara ishirini na tano aliubeba, na mara zote alirudi akijiona mtu mwema.

"Tufanye nini?" akauliza.

"Utapika nyuma, upande wa jina ukitazama ukuta. Ukishamaliza nitaipaka sandali ya kusagwa shingoni na kuivisha shada la maua, nene, mizunguko mitatu. Nani atauliza? Chombo cha marehemu huvishwa maua." Alikuwa ameshaanza kuchangamka, kama kawaida yake akishaona faili limepata pa kukaa. "Baada ya hapo inarudi darini."

"Kwa nini tusimrudishie mwenyewe? Mimi nitampelekea leo, kimyakimya."

"Kimyakimya? Rukmani?" Ilango akacheka bila furaha. "Kabla hujafika nyumbani watu watakuwa wameshajua hadi stesheni. Nimealika watu themanini, Mama Nila. Bango liko barabarani. Umelisoma limeandikwaje?"

Kothai alikuwa amelisoma. Mwaka mmoja bila wewe, mama. Sivakami, mwenye mikono safi. Maneno hayo Ilango aliyatunga mwenyewe, akayafuta, akayaandika tena, na mara ya mwisho alilia.

"Na Anjalai?"

Ilango alisimama, akatafuta viatu vyake vya kurudia kazini.

"Anjalai amezoea," akasema.

*

Siku ya harusi ya Kothai, Anjalai alikuwa na miaka thelathini na tano na alikuwa akiosha vyombo vya nyumba sita za Mtaa wa Mfereji. Akiingia kwa mlango wa nyuma, akitoka kwa mlango wa nyuma. Baada ya karamu ya siku ya tatu vyombo vya watu vikahesabiwa, sufuria ya Rukmani haikuonekana, na Rukmani akakaa chini barazani akaanza kumlilia mama yake upya. Sivakami, mwenye shughuli, alikuwa amepauka. Nyumba ilitafutwa. Ndipo mtu akauliza kama kuna aliyeona chochote kikitoka.

Kothai alikuwa ameona. Adhuhuri ile, kupitia dirisha la jikoni, alimwona Anjalai akitoka na kitu kikubwa kimefunikwa kwa kitambaa, amekiegemeza kiunoni. Alisema hivyo. Angeishia hapo. Lakini alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na siku tatu katika nyumba ile, na kwa siku tatu mama mkwe wake alikuwa hajamtazama usoni, na sasa alimtazama. Watu wote walimtazama. Kwa hiyo Kothai akatia chumvi.

"Kiling'aa," akasema.

Neno la bibi harusi, mwenye hina mbichi mkononi, huyo ambaye wamesema ameleta baraka ndani ya nyumba, nani angelitilia shaka? Wakampeleka Anjalai hekaluni aape. Akaizima kafuri iliyokuwa ikiwaka kwa kiganja chake kitupu, kama desturi inavyotaka, akasema hajachukua. Mkono ulimbabuka. Watu wakasema kiganja cha mwosha vyombo ni kigumu, hakisikii moto, basi kiapo chake si kiapo. Nyumba zote sita zikamfungia mlango wa nyuma. Mumewe alikwenda kutafuta kazi Tiruppur akapata na mke hukohuko. Na watoto wa mtaa wakampa jina, Anjalai Sufuria, ambalo watoto wao wanalo hadi leo.

Asubuhi ya mkesha wa kumbukumbu, Kothai alikwenda nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ambako Anjalai huuza vitumbua. Wateja walikuwa wanne watano wamesimama na vibakuli.

"Anjalai Sufuria, nipe vinne," mwanamume mmoja alikuwa akisema. "Viwe vya chini chini, vyenye rangi."

"Vya chini chini utavipata kwa mkeo," Anjalai akajibu, akampa vinne kama alivyotaka. Kisha akamwona Kothai. "Mama Nila. Leo si sikukuu ya mavuno. Umeleta mchele wa nini?"

"Sikuleta mchele, dada. Nimekuja kukualika. Kesho, kumbukumbu ya mama."

"Kunialika mimi?" Anjalai akamwaga unga kwenye vishimo vya kikaango, kimoja kimoja, bila kumwaga tone nje. "Kwa mlango gani?"

"Wa mbele."

"Basi nitakuja na kijiko changu, msijisumbue kuhesabu vyenu."

Wateja wakacheka. Kothai alijaribu kucheka nao, uso ukagoma. Akasubiri mpaka wakaondoka, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaanza, "Dada, ile siku..." Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, sasa hata moja halikuonekana.

Anjalai hakumsaidia. Aligeuza vitumbua kwa njiti, vyote, mpaka cha mwisho.

"Ile siku ulikuwa na hina hadi viwiko," akasema. "Naikumbuka, ilikuwa imekolea vizuri. Mama mkweo hakuniita mwizi, Mungu anajua. Yeye alisema tutafute. Wewe ndiye uliyesema kiling'aa." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei. "Nilijiuliza miaka mingi, huyu mtoto aliona nini kinachong'aa? Ulikuwa wali uliobaki na mchuzi, kwenye beseni. Beseni la plastiki. Jekundu. Nililifunika ili watu wasione nabeba makombo, niliona aibu."

Kothai aliangalia mikono yake.

"Sijakuuliza ili unijibu," Anjalai akasema. "Unataka vingapi?"

"Kumi."

Hapo ndipo palikuwa pake pa kusema. Sufuria imepatikana. Maneno mawili tu. Badala yake akafungua pochi, akatoa noti, akapokea kifurushi cha majani ya mgomba chenye joto. Ndani aliona vitumbua kumi na viwili.

"Vimezidi, dada."

"Hivyo viwili ni vya mkweo. Mwekee mbele ya picha. Nimekula mchele wake miaka mingi, isionekane nilikula bure."

Kothai alitembea akipita njia ndefu, ya kando ya mashamba, kwa sababu hakutaka mtu amwone uso. Alijichukia kwa namna ambayo hakujua kwamba mtu anaweza kujichukia.

*

Siku yenyewe watu walifika mapema. Walikaa kwenye mikeka barazani na ndani, wakasifu picha, wakasifu maua, wakasifu bango. Sufuria ililetwa kutoka nyuma na wanaume wawili ikawekwa mbele ya picha ya marehemu, ikitoa mvuke, imepakwa sandali na kuvishwa shada la mizunguko mitatu, shingo nzima haionekani. Ilango alikuwa ameifunga kwa mikono yake. Alikwenda akisalimia watu, akiinamisha kichwa, na kila mara jicho lake lilirudi kwenye lile shada.

Kwenye jani la mgomba lililowekwa mbele ya picha Kothai aliweka wali, payasam, na vile vitumbua viwili.

Hakuna aliyeruhusiwa kula kabla ya kunguru. Ilango alichukua jani jingine lenye kidogo cha kila chakula, pamoja na kipande cha kitumbua, akaliweka juu ya ukuta wa uani, akarudi nyuma hatua tano, akaita kwa mlio wa kunguru, "Kaa, kaa, kaa." Watu themanini wakatazama angani, njaa imewabana. Kunguru asipokuja, maana yake marehemu hajaridhika, kuna jambo linamkera, na jamaa huanza kuulizana nini hakikufanywa. Ziko nyumba ambako watu wamesimama hivyo hadi alasiri.

Kothai aliomba asije. Alifumba macho kabisa akaomba. Asije, asije, watu waulize nini kimekosekana, nami niseme.

Kunguru alitua kabla Ilango hajamaliza kuita mara ya nne. Akala wali, akala payasam, akageuza kichwa, akadokoa kitumbua. Wa pili akatua, wakagombana. Pumzi ikawatoka watu kwa pamoja.

"Ameridhika," mzee mmoja akasema. "Mara moja tu. Mimi baba yangu alituweka saa mbili."

"Mtu aliyeishi safi hana kinyongo," akasema mwingine.

Ilango alifuta machozi ya kweli, akamtazama mkewe kama anayesema, umeona? Kothai aliona aibu ikimshika upya. Alikuwa ameogopa kusema miaka yote hiyo, na sasa alitaka kunguru amfanyie kazi hiyo.

Majani yakatandikwa, chakula kikaanza kugawiwa. Bibi Rukmani alikuwa amekalishwa safu ya mbele kabisa, karibu na picha, kwa heshima ya umri wake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, miwani minene haikumsaidia sana, lakini ulimi ulikuwa salama.

"Payasam ya sufuria ya shaba," akasema, akilamba vidole. "Ladha yake haijifichi. Za siku hizi zinanuka gesi. Ilango, mwanangu, hiyo ndiyo sufuria ya mama yako? Hebu niisogelee. Na mimi nilikuwa na kama hiyo."

"Bibi, ina moto," Ilango akasema haraka.

"Mikono yangu haina ngozi ya kuungua tena."

"Maua yataharibika, bibi."

"Nimeomba kuishika, si kuivua nguo."

Watu wakacheka. Bibi akanyoosha mkono, ukapapasa hewani, haukufika. Kothai alikuwa amesimama pale na upawa. Aliuweka chini. Baadaye hakukumbuka kama aliamua. Alichokumbuka ni kwamba fundo la Ilango lilikuwa gumu na alilazimika kutumia kucha, na kwamba aliisikia sauti ya mumewe ikiita "Mama Nila," mara mbili, ya pili kama ya kusihi. Shada likaanguka. Akapangusa sandali kwa ncha ya sari yake, akaushika mkono wa bibi, akauweka shingoni mwa sufuria.

"Hapa, bibi. Polepole."

Vidole vya mzee vilitembea juu ya nukta, vikarudi mwanzo, vikatembea tena. Midomo yake ilikuwa ikifuata. Vilipofika kwenye mwaka vikasimama.

"Ya mama yangu," akasema. Akaegemeza shavu lake kwenye ile shaba ya moto, akaliacha hapo.

Watu mikono yao ikakwama kwenye wali. "Vyombo," Ilango akasema, "siku ya harusi... vilichanganyika."

Na hapo jamaa wakamrukia kumwokoa. "Huchanganyika, nani asiyejua," akasema mjomba mmoja. "Kwangu kuna beseni la watu mpaka leo, simjui mwenyewe," akasema mwanamke wa nyuma, wakacheka kidogo. "Marehemu wa watu, angejua angeirudisha siku hiyohiyo." Hata Bibi Rukmani, machozi yakimtiririka, akatikisa kichwa akasema Sivakami hakuwa mtu wa kuiba, kila mtu anamjua, ni bahati mbaya, na Mungu ameirudisha mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa bilauri ya maziwa ya mgando. Sivakami alikuwa amesamehewa, rangi imeanza kumrudi Ilango usoni, na watu wameanza kumega wali wao. Hakuna aliyelitaja jina la Anjalai. Kothai alisubiri, alimtazama mmoja baada ya mwingine, hakuna.

"Alijua," Kothai akasema.

"Nani alijua?" akauliza mjomba.

"Mama. Palikuwa na kiraka juu ya jina. Kimeyeyuka juzi kwa fundi." Sauti yake ilisikika hadi barazani. "Na mimi nilisema nimeona kitu kinang'aa. Sikuona. Kilikuwa kimefunikwa. Nilisema tu, nilitaka mama anipende."

"Inatosha," Ilango akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono miwili imeshika taulo la begani. "Mbele ya picha yake, Mama Nila. Inatosha."

"Haya si ya leo," mzee mmoja akanong'ona. "Si ya leo haya."

Lakini macho ya watu yalikuwa yamegeukia mlangoni. Anjalai alikuwa amesimama pale, kwenye mlango wa mbele, nje ya kizingiti, amevaa sari ya kijani iliyopigwa pasi na ua moja kichwani. Hakuna aliyejua amesimama tangu saa ngapi. Hakuna aliyemwambia apite. Katika mkono wake wa kulia, ule wenye kovu kiganjani, alikuwa ameshika kijiko.

Kothai akaenda, watu wakimpisha, akainama amguse miguu kumwomba radhi. Anjalai akairudisha miguu yake nyuma.

"Usinishike mbele za watu," akasema. "Ukipoteza bangili itakuwa mimi tena." Alimtazama Kothai aliyeinama pale chini kwa muda mrefu, na uso wake haukulainika wala haukuwa mkali zaidi. "Mlinialika chakula. Nina njaa."

Akavuka kizingiti. Watu wakasogea, wakasogea kupita kiasi, mpaka akapata nafasi ya watu watatu peke yake. Kila mtu alitaka kufanya jambo, na hakuna aliyejua lipi. Binamu yake Ilango aliyekuwa akigawa majani, mtu mpole asiye na neno na mtu, alijitahidi kuliko wote. Akachagua jani kubwa, lisilochanika, akalipitisha juu ya vichwa vya watu, akaita kwa ukarimu kabisa:

"Jamani, mwekeeni hili Anjalai Sufuria."

Kuna aliyekohoa. Binamu hakuelewa kwa nini. Hakuwa amekusudia kitu, hilo ndilo jina alilolijua tangu utotoni.

Kothai alikuwa amerudi kwenye sufuria na kuchota. Alisimama na upawa umejaa, payasam ikimdondokea vidoleni, akisubiri kusikia Anjalai atasema nini.

"Nipo," Anjalai akaitika, akalipokea jani, akalitandaza mbele yake, akalinyunyizia maji.